Simu Inapoitikia

Mdaiwa amemwona mdai wake kwa mbali, na kichochoro cha kuchepukia hakuna. Anachomoa simu mfukoni, anaibandika sikioni na kuanza kuongea na hewa: "Ndiyo, mkuu. Hapana, kesho asubuhi naileta mwenyewe." Mdai anasimama pembeni kwa adabu, akisubiri mazungumzo yaishe. Hapo ndipo simu inapolia, ikiwa pale pale sikioni.

Kisa hiki cha simu kulia pale hasa panapochekesha, kila mtaa una mtu wake wa kumsingizia. Kinachosahaulika ni kwamba utamu wake umesimama juu ya ufundi. Simu iliyo katikati ya mazungumzo hailii mlio wake wa kawaida. Simu ya pili ikiingia, kama huduma ya kusubirisha imewashwa, anayeongea husikia mdundo mfupi ndani ya spika ya sikio na jirani yake hasikii kitu. Kama haijawashwa, anayepiga huambiwa namba inatumika. Kwa hiyo mlio kamili unaofika hadi ng'ambo ya barabara ni ushahidi tosha kwamba hapakuwa na mkuu yeyote upande wa pili. Laini mbili nazo hazimwokoi. Simu nyingi za laini mbili hutumia redio moja kwa zamu, na laini moja ikishakuwa kwenye mazungumzo, ya pili huwa haipatikani mpaka ya kwanza ikatwe.

Kioo nacho ni shahidi. Simu janja ina kihisi karibu na spika ya sikio, ambacho huzima mwanga uso unaposogea wakati wa mazungumzo. Pasipo mazungumzo ya kweli kazi hiyo haifanyiki, kioo kinabaki kinawaka na shavu linaanza kufungua programu. Mjanja atasema dawa ni kuweka hali ya ndege kwanza. Hiyo ni nusu ya dawa, maana mdai naye ana simu. Akiipiga namba ya mdaiwa huku wanatazamana, ataambiwa mteja anayempigia hapatikani kwa sasa, na mteja mwenyewe yuko hatua 2 mbele yake akiendelea na "ndiyo, mkuu". Kenya tangazo hilo la mtandao lilisikika mara nyingi hadi neno lenyewe likahamia mtaani: ambaye simu yake haishikiki husemwa kwamba yuko mteja.

Mara nyingi lugha yetu husema simu inaita kwa yule anayepiga, na inalia kwa yule anayepigiwa. Kwa visa vya namna hii tunahitaji kitenzi cha tatu: simu inaitikia. Usemaji wa Waswahili umejaa nafasi zilizoachwa makusudi ili mtu mwingine azijaze. Mtambaji anasema "Paukwa!" na kungoja "Pakawa!" Mhubiri anangoja "Amina", mgombea jukwaani anangoja "Hoyee", MC wa harusi anauliza "Au nasema uongo ndugu zangu?" na kunyamaza kidogo. Mwanya huo hauzidi sana sekunde 2. Simu ikilia nje ya mwanya ni kero, watu wanageuka na kukunja uso. Ikilia ndani ya mwanya inakuwa imeshika nafasi ya mwitikiaji, kama sauti ya nyuma inavyoshika kiitikio kwenye taarabu, na ukumbi mzima unasikia jibu pale palipokuwa na kelele tu. Ndiyo maana nasema kichekesho kinatoka kwenye sentensi iliyoachwa wazi, na simu ni kibarua wake.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua mlio uleule, kwa sauti ileile. Mweka hazina anasoma, "Matumizi ya robo ya pili yalikuwa kama ifuatavyo," simu inalia, hakuna anayecheka. Padri au mchungaji anauliza kama yupo mwenye kizuizi juu ya ndoa hii na aseme sasa. Huo ndio ukimya mzito kuliko wote katika ibada ya ndoa, umeandaliwa rasmi kwa ajili ya sauti ambayo kila mtu anaomba isisikike. Simu ya mjomba ikilia hapo kwa wimbo wa singeli, hata maharusi wataangua kicheko. Tena angalia watu wanacheka wakimtazama nani. Hawamtazami mjomba kwanza; wanamtazama bwana harusi.

Wanamuziki wamelielewa jambo hili mapema kuliko wasemaji. Mwaka 2012 ilisambaa video ya Lukáš Kmiť, mpiga viola (ndugu mkubwa wa fidla) wa Slovakia, akipiga peke yake ndani ya sinagogi la mji wa Prešov. Simu ya mtu mmoja ikalia kwa ule wimbo wa Nokia. Kmiť alisimama, akangoja, kisha akaupokea wimbo huohuo kwenye viola na kuuchezea kidogo, watu wakacheka na kupiga makofi. Wengi walimsifu kwa uchangamfu wa akili, nao walikuwa sahihi, ila sifa nyingine iende kwa wimbo wenyewe. Umetolewa kwenye Gran Vals, kipande cha gitaa cha Mhispania Francisco Tárrega cha mwaka 1902, na Nokia waliuweka kama mlio kwenye simu ya 2110 mwaka 1994. Una noti 13, mwendo wa mitatu-mitatu, na noti ya mwisho inarudi nyumbani kwenye sauti ya msingi. Kwa maneno mengine ni sentensi iliyokamilika, yenye nukta mwishoni. Mwanamuziki anaweza kuingia baada ya nukta. (Simu hizohizo zilikuwa na mlio wa ujumbe mfupi uliopiga mara 3 fupi, 2 ndefu, 3 fupi: ndizo herufi SMS kwa alfabeti ya Morse. Mamilioni ya watu waliisikia kila siku simu ikitaja jina la kitu ilichokileta, bila wao kujua.)

Linganisha na yaliyotokea New York tarehe 10 Januari 2012. Alan Gilbert alikuwa akiongoza orkestra ya New York Philharmonic katika Simfoni ya Tisa ya mtunzi Mahler, wakiwa kwenye kurasa za mwisho ambazo muziki unafifia hadi karibu kuwa pumzi tu. Kutoka safu ya mbele ikalia iPhone kwa mlio wa Marimba, ikaendelea bila kukoma. Gilbert alisimamisha muziki, akamgeukia mwenye simu, akangoja mpaka ilipozimwa, akawaomba radhi wasikilizaji na kuanza tena mahali pa nyuma kidogo. Hapakuwa na kicheko, watu walizomea. Mlio huo hujirudia mzungukozunguko na hauna mahali pa kuishia, hivyo hata mtu mwenye roho ya Kmiť angekosa pa kuingilia. Muziki wa Mahler pale nao haukuacha mwanya wa kuitikiwa, ulikuwa unauaga ulimwengu. Cha kuchekesha pekee ni jina la mlio: marimba ni neno la Kibantu na ni ala ya kwetu, na Mahler hakuiandikia nafasi yoyote kwenye simfoni ile.

Kesi hiyo ina somo la kiufundi ambalo wengi hawalipati hadi leo. Mwenye simu alikuwa amezima sauti. Kilicholia kilikuwa kengele ya kuamsha, kwenye simu aliyokabidhiwa na kampuni yake siku moja kabla. Kitufe cha pembeni cha iPhone huzima mlio wa simu na wa ujumbe, hakizimi kengele. Simu nyingi za Android hufanya vivyo hivyo: sauti ya kengele ina kipimo chake peke yake, mbali na kipimo cha mlio. Kwa hiyo tangazo la "zimeni simu zenu" halitoshi. Mtu anateremsha sauti kwa dhamiri safi, na saa 6 kamili kengele aliyoitega kwa ajili ya dawa inaimba.

Tuendelee na sababu za simu iliyozimwa sauti kulia, kwa kuwa hapa ndipo vichekesho vingi huzaliwa. Hali ya "Usisumbue" ina mlango wa nyuma. Kwenye iPhone, mtu yuleyule akipiga mara ya pili ndani ya dakika 3, simu yake huruhusiwa kupita ikiwa kipengele cha simu za kurudia kimewashwa. Kwenye Android dirisha hilo ni dakika 15. Aliyebuni alifikiria dharura. Hakumfikiria shangazi wa kwetu, ambaye simu isipopokelewa hupiga papo hapo mara 3 mfululizo kabla hajajiuliza kama mtu yuko kazini. Matokeo yake ni kwamba mwenye "Usisumbue" anasumbuliwa na yule hasa mwenye subira ndogo kuliko wote, na kama ana jina la kuchekesha kwenye kioo cha mbele, jirani amelisoma.

Mtetemo nao huhesabiwa kimakosa kuwa ni ukimya. Ndani ya simu kuna kimota kidogo kinachoitikisa. Kwenye mfuko wa suruali tetemeko linamezwa na nguo. Kwenye benchi la mbao au meza tupu, ubao mzima unatetemeka pamoja na simu, kama mbao za gitaa zinavyoikuza sauti ya uzi, na simu huanza kutembea. Msikitini ikiwekwa juu ya mkeka haina neno. Ikiwekwa juu ya rafu ya viatu inavuma hadi safu ya mbele. Kwa vitochi, ambavyo Kenya huitwa mulika mwizi, kuna njia fupi ambayo inafaa kutangazwa kila mahali: kwenye vingi vyao, kubonyeza kitufe cha # na kukishikilia kwa sekunde chache huipeleka simu kwenye ukimya, na ukirudia hivyohivyo sauti inarudi. Kwa simu janja ambayo tayari inalia, bonyeza kitufe cha sauti mara 1 tu. Mlio unakatika, anayepiga anaendelea kusikia ikiita, na hutakuwa umemkatia mtu simu. Kinachoharibu ni pale mwenyewe anapopapasa mkoba, akaitoa simu nje, akatafuta miwani kwanza ili aone ni nani. Kila hatua inaongeza sauti, na mkoba uliokuwa umeifunika ndio ulikuwa msaada pekee.

Kuna simu nyingine ambayo hutoa taarifa kabla ya kulia. Kila aliyekaa karibu na spika za ukumbini anazijua zile "tr-tr-trrr, tr-tr-trrr" ambazo hutangulia mlio kwa sekunde 1 hadi 3. Mtandao wa kizazi cha pili (2G) hugawa muda wa hewani katika fremu, yaani mafungu ya muda, za milisekunde 4.615, kila fremu ina vipande 8, na simu husema kwenye kipande chake tu. Hiyo ni kuwasha na kuzima redio mara 217 kwa sekunde, kwa nguvu inayoweza kufika wati 2. Waya wa maikrofoni usiokingwa vizuri unaidaka, amplifaya inaikuza, na kwa kuwa mara 217 kwa sekunde iko ndani ya sauti anazosikia binadamu, spika inaunguruma. Inatangulia mlio kwa sababu simu lazima kwanza ijibizane na mnara, ipewe njia, ndipo iruhusiwe kumwita mwenyewe. Kizazi cha nne (4G) hakina mdundo huo, ila pale ambapo mtandao haupitishi sauti juu yake, simu huweza kushuka hadi kizazi cha pili kila inapopigiwa, na mngurumo unarudi. Dawa ya fundi ni nyaya zenye uwiano (balanced), zinazojikinga na kelele, na plagi za pini 3, na simu zikae angalau mita 1 kutoka kwenye meza ya mitambo. Lakini MC mwenye masikio anazo sekunde 2 za bure. Akisikia spika inaunguruma, anajua simu iko njiani, na anaweza kuigeuza sentensi yake iwe swali. Wanaoonekana wana bahati na simu za wageni, baadhi yao wana masikio tu.

Simu za zamani za mezani zilikuwa rafiki zaidi wa mchekeshaji, na sababu yake ni ukimya uliokuwa katikati ya milio. Uingereza kengele hulia kwa sekunde 0.4, hunyamaza 0.2, hulia tena 0.4, kisha hunyamaza sekunde 2. Marekani hulia sekunde 2 na kunyamaza 4. Katika sekunde 4 mwigizaji anaweza kuangalia simu, kumwangalia mkewe, kuiangalia simu tena na kusema, "Sipo." Wimbo wa Bongo Fleva hauachi nafasi hiyo hata kidogo, unaimba mfululizo mpaka ukatwe. Kwa maoni yangu hilo limeua kichekesho cha simu jukwaani kuliko kitu kingine chochote, na vikundi vya maigizo vinavyotumia wimbo kama mlio vinajinyima wenyewe.

Kwa wanaotaka kukifanya vizuri: rekodi mlio wenye mapumziko, mlio wa sekunde 1 na ukimya wa sekunde 2 unatosha. Spika ndogo ya bluetooth ifichwe chini ya meza ilipo simu, kwa sababu mlio ukitoka kwenye spika kubwa za ukumbi mtazamaji anajua ni fundi. Bluetooth huchelewa kwa sehemu ya sekunde, mara nyingi kati ya 0.1 na 0.3, kwa hiyo anayebonyeza abonyeze neno likiwa bado mdomoni mwa mwigizaji. Mwigizaji ainue mkono wa simu wakati wa ukimya, kamwe si wakati wa mlio, ili fundi apate muda wa kuukata. Akiinua katikati ya mlio na fundi akachelewa, simu itaendelea kulia huku mtu anasema "haloo", na hadhira itacheka kicheko ambacho hakikuandikwa. Simu halisi ya mwigizaji isipande jukwaani bila hali ya ndege. Ajali za namna hiyo huokolewa na waigizaji wachache. Aliyeokoka huwa amesema neno 1 au 2 na kuendelea, aliyezama huwa ameeleza.

Mikutano ya waandishi wa habari ina aina yake. Simu 10 zimepangwa mezani mbele ya msemaji, zote zinarekodi, na moja inaanza kulia, jina la "Mama Watoto" likiwaka mbele ya waziri au kocha. Wapo wanaoipokea wenyewe na kusema "yuko kazini, atakupigia", ukumbi ukacheka. Ni njia nzuri ya kulainisha mkutano mgumu, ila mwenye simu hulipia: simu ikipokelewa, kurekodi hukatika, na jibu la swali linalofuata halimo. Hali ya ndege ingemaliza yote mawili, kurekodi hakuhitaji mtandao.

Mahakamani nako kuna mizani ya kupimia busara. Katika mahakama ya jiji la Niagara Falls, jimbo la New York, mwezi Machi 2005 simu ililia na mwenyewe hakujitokeza. Jaji aliwahoji waliokuwepo mmoja mmoja, akaamuru watu 46 wawekwe mahabusu. Mwaka 2007 tume ya mwenendo wa majaji ya jimbo hilo iliamua aondolewe kazini. Upande wa pili yuko jaji Raymond Voet wa Ionia, Michigan, aliyekuwa ameweka kanuni kwamba simu ikilia mahakamani mwenyewe analipa faini. Mwaka 2013, mwendesha mashtaka akiwa kwenye hoja za mwisho, simu janja mpya ya jaji mwenyewe ikaanza kusema kwa sauti kwamba haijaelewa iliyoambiwa. Wakati wa mapumziko Voet akajitia hatiani kwa kudharau mahakama na kujitoza dola 25, akalipa. Tukitumia kipimo cha mwitikiaji, hii ndiyo simu iliyoitikia vizuri kuliko zote: wakili anajenga hoja, na mfuko wa jaji unajibu kwamba haueleweki.

Mlio unaweza pia kufaa kwa tumbo na kukosea kwa jua. Programu za vipindi vya sala hupiga hesabu kwa mahali ulipo, na ukizima ruhusa ya mahali, zinabaki na mji wa mwisho zilioujua. Dar es Salaam iko nyuzi 39.3 mashariki, Kigoma 29.6. Kila nyuzi 1 ni dakika 4 za jua, na miji yote miwili inatumia saa moja. Msafiri aliyetoka Dar bila kuifungulia simu mahali pake atasikia adhana ya magharibi Kigoma takribani dakika 39 kabla ya wakati, jua likiwa bado linametameta juu ya Ziwa Tanganyika. Mwezi wa Ramadhani kosa hilo hupokelewa kwa furaha na ambaye hajatazama dirishani. Kampala, kutoka Dar, tofauti kwa hesabu hiyo ya nyuzi ni kama dakika 27. Mwislamu mwangalifu huangalia jina la mji juu ya kioo kabla ya kuangalia saa.

Halafu kuna mlio unaofaa kwa kutosikika. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, harambee na vikao vya harusi vimepata ala mpya: simu ya mweka hazina, imewekwa mezani, sauti juu kabisa. Mtu anasimama, anataja kiasi, anasema "nimeshatuma". Macho yote yanahamia kwenye simu. Ikilia ndani ya sekunde 5, makofi. Isipolia, kila sekunde inaongeza uzito, MC anaanza kukohoa, na yule ndugu anaanza kulaumu mtandao. Wakati mwingine mtandao unastahili lawama kweli, ujumbe unaingia baada ya dakika 10 wakati anayesimama ni mtu mwingine, ambaye anapigiwa makofi yasiyo yake. Mweka hazina mwenye huruma husoma jina kabla ya kushangilia. Ukimya mwingine mkubwa wa simu uliwekwa kwa makusudi: Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alipozikwa Nova Scotia, Kanada, tarehe 4 Agosti 1922, simu za Amerika Kaskazini zilinyamazishwa kwa dakika 1.

Je, ni bahati kiasi gani simu kulia pale hasa panapofaa? Tupige hesabu. Tuseme kanisa lina waumini wenye simu 300, kila moja hupata simu au ujumbe mara 1 kwa saa, na 98 kati ya kila 100 zimezimwa sauti vizuri. Zimebaki 6 zenye sauti, yaani milio 6 kwa saa, milio 4 katika mahubiri ya dakika 40. Mhubiri mchangamfu huacha mianya 20 ya sekunde 2, jumla sekunde 40 kati ya 2,400. Kila mlio una nafasi 1 kati ya 60 ya kuangukia mwanyani, na milio 4 inafanya 1 kati ya 15. Kwa waumini wa kanisa hilo ni mara 3 au 4 kwa mwaka, nao watasema ni maajabu. Mji wenye ibada 500 za namna hiyo unapata maajabu kama 33 kila Jumapili.

Hesabu hiyo tena imekaza mkono, kwa sababu milio haidondoki ovyo kama matone ya mvua. Mhubiri anaposema "na kwa kumalizia" mara ya tatu na simu ikalia, watu hucheka wakidhani ni kudra. Ibada imepitiliza muda. Waliobaki nyumbani na sufuria jikoni wameanza kupiga kuuliza mnatoka saa ngapi. Kengele nazo hutegwa saa kamili, na wasemaji huahidi kumaliza saa kamili. Simu na msemaji wanaangalia saa moja.

Kinachobaki ni kumbukumbu. Milio 59 iliyokosea mwanya haisimuliwi na mtu. Ule wa 60 unasimuliwa hadi kwenye msiba wa mhusika, ukiongezwa chumvi kila mara. Na anayekumbuka ni aliyecheka. Tarehe 3 Aprili 1973, Martin Cooper wa Motorola alisimama barabarani New York akiwa na simu ya mkononi yenye uzito wa zaidi ya kilo 1, ya majaribio, na simu ya kwanza kabisa aliyopiga hadharani ilikwenda kwa mshindani wake, Joel Engel wa maabara ya Bell Labs, aliyekuwa akishughulikia mradi wa namna hiyohiyo. Alimwambia anampigia kutoka kwenye simu ya mkononi halisi. Cooper amekisimulia kisa hicho kwa miaka mingi. Engel, kwa maelezo ya Cooper mwenyewe, hakumbuki kupigiwa.